Lixiviar: kitenzi cha maabara kilichozaliwa kwenye majivu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjua marudio ya dhahabu, yaani mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa, huku Geita. Tumeletewa mwongozo ulioandikwa kwa Kireno cha Brazili, na karibu kila ukurasa una kitenzi *lixiviar*, kwa mfano *lixiviar o minério em pH 10,5 com adição de cal*. Rafiki yangu aliyewahi kufanya biashara Pemba ya Msumbiji anasema *lixívia* ni jiki, ile ya kufulia nguo nyeupe. Mwenzangu wa zamu anasema hapana, neno linatokana na *lixo*, yaani takataka, kwa kuwa marudio ni mabaki ya kutupwa. Sasa dhahabu tunaifua kwa jiki au tunaichambua takatakani? Asili ya neno hili ni nini hasa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya asili ya neno, nikutulize moyo na nikuonye kwa pamoja: msimimine jiki kwenye tangi la sayanaidi, dawa yenu ya kuyeyushia dhahabu. Jiki huivunja sayanaidi, kwa hiyo mtakuwa mmeharibu dawa mliyoinunua kwa fedha nyingi. Tena kama maji hayana ukali wa chokaa wa kutosha, mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi yenye sumu. Nasema hivi kwa sababu kosa la rafiki yako nimewahi kulifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa najifunza Kireno Maputo, nilisoma neno *lixiviação* kwenye daftari la maabara, nikakumbuka chupa ya *lixívia* iliyokuwa chini ya sinki la mama mwenye nyumba wangu, nikatafsiri sentensi nzima kwamba mawe yalilowekwa kwenye jiki. Mkemia aliyeisoma tafsiri yangu alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa hiyo rafiki yako hakusema uongo. Ukienda dukani Ureno ukaomba *lixívia* utapewa jiki bila kuulizwa mara mbili. Ila mwongozo wako hauzungumzii chupa hiyo. *Lixiviar* kwa mkemia ni kupitisha kimiminika kwenye kitu kigumu ili kimiminika kile kiyeyushe kinachoyeyuka, kitoke nacho, na kitu kigumu kibaki nyuma kikiwa kimepungukiwa. Namna jina la kazi hiyo lilivyokuja kuwa jina la jiki ndiyo hadithi yenyewe, na inaanzia jikoni.

Tuanze na matamshi, maana yana dalili ndani yake. Herufi *x* hapa hutamkwa *sh*: lishiviari, lishivia. Ndugu zetu wa Msumbiji wanaujua mchezo huu vizuri. Mji wa Xai-Xai husomwa Shai-Shai, na Maxixe ni Mashishe. Sasa linganisha na kitenzi kingine cha kemia, *oxidar*, kuoksidisha. Hicho *x* yake ni *ks*, kama ilivyokuwa kwa Warumi. Tofauti hiyo haikuja hivihivi. Neno la oksidi lilibuniwa na wakemia wa Ufaransa katika miaka ya 1780 na likaingia Kireno likiwa limevaa koti la maabara. Maneno yaliyoishi midomoni mwa watu tangu Kilatini cha mtaani, kwa upande mwingine, yaligeuza *ks* kuwa *sh*: *saxum*, jiwe, likawa *seixo*, *laxare*, kulegeza, likawa *deixar*, kuacha. *Lixívia* iko katikati. Sauti yake ni ya mtaani, lakini umbo lake halikulika sana. Wahispania walilitafuna mpaka likabaki *lejía*, Waromania wakabaki na *leșie*, Wafaransa wakapata *lessive*. Wareno peke yao, katika ndugu hao, wamebaki na neno linalofanana sana na la Kirumi. Nadhani ni neno lililoishi uani kwa wafuaji huku likichungwa na watu wa vitabu. Dalili ya matamshi pekee isingetosha kunishawishi, kwa sababu hata *luxo*, anasa, ambalo ni neno la vitabuni, lina *sh* hiyo hiyo.

Kwa Kilatini mzizi ni *lix*: majivu ya mekoni, au maji yaliyopita kwenye majivu hayo. Kutoka hapo kikapatikana kivumishi *lixivus*. Mwanachuoni Varro, aliyenukuliwa na mwandishi wa Kirumi Plinio katika kitabu cha 36 cha ensaiklopidia yake ya maumbile, anasema meko na yawe sanduku lako la dawa, kwani maji ya majivu yake, *cinis lixivus*, yakinywewa huponya. Tena, anasema, waangalie wapiganaji wa uwanjani wanavyosaidiwa na kinywaji hicho baada ya pambano. Watu walilisoma hilo kwa karne nyingi kama porojo za kale. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna na Bern wakachapisha vipimo vya mifupa ya wapiganaji waliozikwa Efeso, ndiyo ile Efeso ya nyaraka za Paulo, wakakuta stronti kwa wingi kuliko kwenye mifupa ya wakazi wengine wa mji. Chakula kilikuwa karibu kilekile. Maelezo waliyoyaona yanafaa ni kinywaji cha majivu ya mimea. Kwa hiyo kitenzi chako cha mtambo wa Geita kina babu aliyekuwa akinywewa na watu waliotoka kuchinjana. Usikijaribu.

Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, analitumia neno hilo mahali ambapo hakuna jivu hata chembe. *Mustum lixivum* kwake ni maji ya zabibu yanayochuruzika yenyewe kabla zabibu hazijakanyagwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba moyo wa neno ni kile kinachotiririka kikitoka ndani ya kitu kigumu, na jivu ni mfano wake maarufu tu. Wachunguzi wa Kilatini huliweka *lix* kwenye ukoo wa *liquere*, kuwa majimaji, ambao umewapa Wareno *líquido* na *licor*. Ukoo huohuo umezaa *prolixo*, mtu ambaye maneno yanamtoka kama maji bila kukoma. Mimi nimewahi kuitwa hivyo darasani na mwanafunzi aliyedhani sielewi.

Ukitaka kuiona *lixívia* ya kweli, huna haja ya kupanda ndege kwenda Lisbon. Vuka ziwa uende kwa Waluhya magharibi mwa Kenya. Mama anachoma mabua ya maharage au maganda ya ndizi yaliyokauka, anaweka majivu kwenye chombo chenye matundu chini, anamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai ambayo kule huitwa *musherekha*. Ndiyo yanayolainisha mrenda na kunde, kazi ambayo sisi wengine tunamwachia magadi. Kemia yake ni nyepesi. Jivu la mimea lina kaboneti ya potasi, ambayo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi. Silika, chokaa na mengineyo mengi hayayeyuki, yanabaki juu. Maji yaliyotoka chini ni makali, yanateleza vidoleni, na yana nguvu ya kushika mafuta. Mama yule hajasoma Kireno, lakini anachofanya ni *lixiviar* kwa maana yake halisi kabisa.

Nguvu hiyo ya kushika mafuta ndiyo iliyoyapeleka majivu kwenye nguo. Kabla ya sabuni za viwandani, Wareno walifua mashuka kwa *barrela*: nguo zinapangwa kwenye pipa au kapu, juu linatandikwa kitambaa cha kushikilia majivu, maji ya moto yanamiminwa juu ya majivu hayo taratibu, na yanayotoka chini yanarudishwa jikoni yakachemshwe na kumiminwa tena. Kwenye mashamba ya Brazili maji hayo huitwa *decoada* au *dicuada*, kutoka *coar*, kuchuja, na bado wapo wanaoyapika pamoja na mafuta kupata sabuni nyeusi ya majivu. Plinio huyo huyo anasema sabuni ya mafuta na majivu ilikuwa uvumbuzi wa Wagalia, na kwamba waliitumia kupaka nywele ziwe nyekundu. Jina lake la Kilatini, *sapo*, liliwafikia Waarabu wakalifanya *sabun*, nasi pwani tukapokea sabuni. Wareno wana *sabão*. Inanifurahisha kwamba walipofika Afrika Mashariki mwaka 1498 wakatuachia meza, bendera na mvinyo, sabuni hawakuwa na sababu ya kutuachia. Tulikuwa nayo, na ilikuwa binamu ya yao.

Basi neno lilipandaje kutoka pipa la mfuaji mpaka meza ya mkemia? Njia mojawapo, nadhani, ilikuwa baruti. Katika karne ya 18 kila serikali ya Ulaya ilihitaji shura, chumvi ya kutengenezea baruti ambayo Wareno huiita *salitre*, na shura haikuchimbwa kama mawe. Ulichukua udongo wa mazizi, wa kuta kuukuu au wa mapangoni, ukaujaza kwenye mapipa, ukapitisha maji, ukayachanganya na maji ya majivu ili potasi ichukue nafasi ya kalsi, kisha ukachemsha mpaka fuwele zijitokeze. Mapango ya Minas Gerais yalichimbwa kwa ajili hiyo. Lavoisier, ambaye kila mwanafunzi anamkumbuka kwa oksijeni, kuanzia mwaka 1775 alikuwa mmoja wa wasimamizi wa baruti na shura ya mfalme wa Ufaransa. Watu wa namna hiyo walikuwa na kitendo kile kile cha mfuaji, maji juu, kigumu katikati, majimaji yenye thamani chini, na hawakuwa na sababu ya kukibunia jina jipya. Jina la jivu likawekewa mkia wa kitenzi. Kwa Kireno mkia huo ni *-ar*, na kazi ikaisha.

Kemia mpya ya Lavoisier iliwafikia wasomaji wa Kireno mapema. Vicente Coelho de Seabra, mzaliwa wa Minas Gerais aliyesoma na kufundisha Coimbra, alitoa kitabu chake cha misingi ya kemia kwa sehemu mbili, 1788 na 1790, na mwaka 1801 akachapisha orodha ya istilahi za kemia kwa Kireno, Kifaransa na Kilatini. Nakutajia mtu huyu kwa sababu mara nyingi tunadhani lugha ya sayansi huundwa na kamati. Mara nyingine huundwa na kijana mmoja kutoka koloni anayeamua neno hili liandikwe hivi.

Na jiki je? Mkemia Scheele aliigundua gesi ya klorini mwaka 1774, na mwaka 1785 mkemia mwenzake Berthollet akaonyesha kwamba inang'arisha vitambaa. Muda mfupi baadaye kiwanda cha Javel, kando ya Paris, kikaanza kuuza maji yaliyofyonza klorini pamoja na potasi. Ndiyo maana Burundi na Kongo mpaka leo watu husema *javel*, jina la kijiji ambacho Paris ilikimeza zamani. Maji hayo mapya yalikalia kiti cha maji ya majivu kwenye beseni la nguo nyeupe. Wareno na Wahispania hawakubadili jina. Walibadili kilichomo kwenye chupa. Wabrazili ndio waliojitenga: kwao jiki ni *água sanitária*, na *lixívia* imebaki zaidi kwa maji ya sabuni ya majivu na kwa viwanda vya karatasi, ambako majimaji meusi yanayotoka baada ya kupika mbao huitwa *lixívia negra*. Kwa kuwa mwongozo wako ni wa Brazili, ukikuta nomino hiyo ndani yake usiwazie chupa ya rafiki yako hata kidogo.

Sasa twende kwa mwenzako wa zamu na takataka zake. Hoja yake si ya kijinga. Wapo Wabrazili wengi wanaofundishana kwamba *lixo* linatokana na *lix*, majivu, kwa kuwa zamani taka kubwa ya nyumba ilikuwa jivu la jikoni. Ni hadithi nzuri. Wanaleksikografia hawajakubaliana nayo, na kamusi kubwa za Kireno huandika kwamba asili ya *lixo* ina utata. Hata kama ingekuwa kweli, *lixo* na *lixiviar* wangekuwa watoto wa babu mmoja, si mzazi na mtoto. Kinachochanganya watu zaidi ni kwamba maneno hayo hukutana kazini. Mvua ikinyesha kwenye dampo, maji yanapita kwenye taka, yanachukua uchafu unaoyeyuka na kutoka chini yakiwa meusi na yananuka. Maji hayo Wareno huyaita *lixiviado*, Wabrazili huyaita zaidi *chorume*. Ukisikia *lixiviado do lixo*, utaapa kwamba ni neno moja limesemwa mara mbili. Mtu wa tatu anayefanana nao sura ni *lixa*, msasa wa fundi seremala. Huyu ana ukoo wake wa baharini, kwani *lixa* ni pia jina la papa mwenye ngozi ya kukwaruza iliyotumika kulainishia mbao. Kumbuka kwamba msasa wetu nao ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza. Wao walimwendea papa, sisi tukauendea mti.

Mtego mwingine uko upande wa Kiingereza, na nimeona wahandisi wazima wakiuingia. *Leach* ya Kiingereza ina maana karibu sawa na *lixiviar* na sauti inayokaribiana, lakini haihusiani nayo. Inatoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kulowesha. *Lye*, maji ya majivu, nayo ni ya ukoo wa kuoga na kuosha, ndugu wa *lavar* ya Kireno. Maneno matatu ya kazi moja, kila moja na mlango wake. Anayetaka kuunganisha kila kinachofanana atajikuta anamwita papa mjomba wa jiki.

Baada ya safari hiyo turudi kwenye matangi yenu. Mnapanga marudio ndani, maji ya sayanaidi yanapita juu, yanateremka polepole, yanatoka chini yakiwa yamebeba dhahabu, kisha yanaingia kwenye kaboni, makaa yanayoishika dhahabu hiyo. Mbinu ya sayanaidi ilipewa hataza mwaka 1887 kwa MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest wa Glasgow, na ukiitazama kwa jicho la kitenzi, ni *barrela* ileile: marudio yameketi mahali pa jivu, na dhahabu mahali pa potasi. Wenye kiwanja kikubwa hurundika mawe yaliyosagwa nje na kuyanyunyizia, na mwongozo utaiita *lixiviação em pilhas*. Ukikutana na *lixiviação por agitação*, hapo tope linakorogwa tangini saa nyingi na hakuna kinachochuruzika; neno limenyooshwa kupita asili yake, kama maneno yanavyofanywa siku zote. Na usikichanganye na *eluir*, kinachokuja kurasa za mbele. Hicho ni kuivua dhahabu kutoka kwenye kaboni, ile kazi ambayo nyinyi huko mnaiita elusheni, na asili yake ni Kilatini cha kusuuza.

Hukuuliza tafsiri, lakini najua ndiyo inayokusumbua. Kuosha hakufai, kwa sababu anayeosha anatupa maji na kubaki na kitu, na nyinyi mnafanya kinyume. Kuchuja kunakaribia, ila chujio hutenga tu vilivyokwisha kutengana. Halisemi lolote juu ya kuyeyuka. Kuchenjua ni kazi nzima, tangu jiwe mpaka tofali la dhahabu. Mimi kwenye tangi la kupitisha maji ningeandika kuyeyusha na kuchuruzisha kwa mara ya kwanza, kisha kuchuruzisha peke yake, na kwenye tangi la kukoroga ningesema kuyeyushia dhahabu kwenye sayanaidi. Mafundi wenu wakiwa na neno lao la mtaani, lichukue hilo kabla ya langu.

Sentensi uliyoninukulia kwenye swali lako, *lixiviar o minério em pH 10,5 com adição de cal*, basi inasema: churuzisheni madini katika pH (kipimo cha uasidi au ukali wa chokaa wa maji) ya kumi na nusu, mkiongeza chokaa. Hiyo alama katikati ya 10 na 5 ni nukta yao ya desimali, msiisome kama mia moja na tano. Na *cal* ni chokaa, si kaboni, ingawa mwanzo wake unafanana na *carvão*. Chokaa hiyo msiipunguze ili kuokoa gharama: maji yakishuka ukali, sayanaidi hutoka tangini ikiwa gesi, na atakayeivuta ni aliye karibu na tangi.